Kabla Chai Haijashika Utando

Chai yake hakuinywa ikiwa moto. Alikuja kibandani kwangu asubuhi, ngazi begani, akasema, "Mkubwa, niwekee," na nikishamimina alikibeba kikombe mpaka chini ya nguzo ya stima aliyotaka kuifanyia kazi siku hiyo. Alikiweka kwenye udongo. Kisha aliigonga nguzo kwa mpini wa nyundo na kuita, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani: "Nani yuko juu?"

Halafu alikaa. Hakuongea, hakufunga mkanda wa kupandia, hakupanga hata misumari. Aliitazama chai tu. Mvuke ulipungua, ukaisha, na juu ya maziwa kukaanza kujikunja ule utando mwembamba ambao watoto huuondoa kwa kidole na kuupaka chini ya meza. Utando ukishika, alisema, "Haya, hakuna mtu," akainywa chai baridi pamoja na utando wake, akapanda.

Watu wa Kitengela waliona ana kichaa kidogo. Mimi nilijua tabia hiyo ilianza siku gani, na sikuwahi kuicheka.

Tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, wa viatu, wa redio, wa kuchimba vyoo, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa mashati. Shati lilikuwa bati laini, si lile la mikunjo la kuezekea, refu kama mtu mzima, ambalo aliizungushia nguzo juu kidogo ya pale tumbili angefika kwa kuruka. Kucha za tumbili hushika mbao, hushika lami, hushika hata ukuta. Bati laini haziliwezi. Tumbili alipanda, akafika kwenye shati, akateleza, akarudi chini akitukana, na maisha yakaendelea, yake na yetu.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na stima ilikuwa bado ngeni upande wetu. Laini ya umeme ilitoka barabara ya Namanga, ikapita kwenye ploti zilizokuwa zinaanza kukatwa, ikashuka mtoni kwenye mashamba ya nyanya yenye pampu. Mtoni kulikuwa na migunga, na kwenye migunga kulikuwa na tumbili. Tumbili akiiona nguzo haoni stima. Anaona mti usio na miiba. Anapanda achungulie kama nyanya zimeiva, mkono mmoja unagusa waya, mkia unagusa chuma, basi. Ulisikika mlio kama wa bunduki, kinu cha kusaga kikanyamaza, pampu ikanyamaza, na chini ya nguzo kukawa na kitu kidogo cheusi ambacho mbwa walikigombania. Wenye mashamba walitaka tumbili wote wapigwe risasi au watiliwe sumu. Fundi alikuwa akipewa vibarua vya nguzo na mkandarasi wa laini, akawaambia wampe bati.

Msidhani aliwapenda. Hilo ndilo watu wasiomjua hukosea wanapomkumbuka. Aliwachukia kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi. Waliwahi kumwibia githeri yake yote, mahindi na maharagwe, juu ya ngazi, na matusi aliyowatukana kwa Kikikuyu siku hiyo yaliwafanya akina mama wa kanisa waliokuwa wakipita wazibe masikio, hata wale wasiojua Kikikuyu. Aliwapiga mawe. Aliwaita wezi, aliwaita wajumbe wa shetani, mmoja mwenye mkia uliokatika alimwita kansela, yaani diwani.

"Kama unawachukia hivyo, kwa nini usiwaache wakauke na stima?" nilimuuliza.

"Mkubwa, kumchukia mtu si kibali cha kumuua. Ingekuwa hivyo, hii Kitengela ingebaki na nani?"

Maneno yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, nusu mzaha, na ulijikuta unayafikiria baadaye ukiosha sufuria. Alisema mnyama hapandi nguzo kwa ubaya, anapanda kwa sababu ipo. Alisema bati si silaha, ni njia ya kumwambia mtu, "Si hapa." Na alisema ukimnyima mgeni kiti, mwonyeshe mkeka. Hilo la mkeka alilitenda. Baada ya kuzivisha nguzo zote za mtoni, alikokota gogo kubwa la mgunga uliokufa, akalisimika peke yake kwenye uwazi, mbali na waya, ili tumbili wawe na mahali pa kukaa na kuchungulia. Watu walicheka mpaka basi. "Fundi amejengea tumbili gorofa!" Lakini tumbili walikaa pale. Jioni ungewaona wamejipanga juu ya gogo, mikia imening'inia, wakiangalia nyanya za tajiri kama watu wanaosubiri ibada ianze.

Kazi yake niliijua kwa kuitazama, kwa sababu kibanda changu kilikuwa karibu na nguzo yenye transfoma. Kwanza alikata matawi ya mti wowote uliokaribia nguzo, maana hakuna faida ya kufunga mlango ukaacha dirisha. Kisha aliuvisha bomba ule waya wa mshazari unaoishikilia nguzo isilale, kwani tumbili huutumia kama daraja. Shati lenyewe alilipigilia upande mmoja tu. Na pindo la juu na la chini alilikunja kwa ndani, polepole, kwa koleo, hadi likawa nene na la mviringo kama pindo la gauni. Mafundi wengine waliacha bati na makali yake. Yeye alipitisha kidole chake kote kote, na kidole kikikwaruzwa, alianza upya.

"Kazi yangu ni kumkataza," alisema, "si kumkata."

Alinibandika jina la Mkubwa siku ya kwanza, ingawa sikuwa nimemaliza shule ya msingi. Kibanda kilikuwa cha mama. Mama alipoanza kukohoa niliacha darasa nikamshikia sufuria kwa muda, na muda ule haukuisha. Alipokufa, baba naye alikuwa ameshaanza kukonda. Nyuma yangu walikuwepo Mutuku na Mwende, wadogo zangu. Niliamka, nilikanda unga, niliwasha makaa, niliwaamsha, niliwapeleka shule niliyoiacha mimi, nikarudi kuuza. Fundi aliyaona yote hayo na hakusema pole hata mara moja. Aliniita Mkubwa, kwa sauti ile ile ambayo angemwitia mwenye cheo. Alimtengenezea Mutuku gari la mabaki ya bati, pindo zote zimekunjwa ndani. Mwende akaanza kumwita Guka, babu, na yeye akajifanya hasikii kwa wiki nzima, kisha siku moja akaitika.

Sasa niseme ya siku ile.

Baba alikuwa bado hai, amelala ndani. Fundi alikuja kuivisha shati nguzo ya transfoma, hii iliyo mbele ya kibanda. Wakati huo hakuwa na desturi ya chai. Alifika, akaegemeza ngazi, akazungusha bati, akapigilia, akashuka. Kazi safi. Alikuwa anafuta mikono nilipoona kitu kikisogea nyuma ya transfoma.

Tumbili jike alikuwa amejificha kule juu tangu asubuhi, ametulia tuli, kama wanavyofanya wakiwa na mtoto. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania tumboni. Alingoja watu waondoke chini. Kisha akaanza kushuka kama alivyopanda, matako kwanza, mpaka miguu yake ikagusa bati.

Aliteleza, akadaka mbao ya juu, akapanda tena. Akatazama. Akajaribu upande wa pili. Fundi aliona. Alikimbilia ngazi aling'oe lile shati, akapiga kelele, "Ngoja! Ngoja, mama, ngoja!" Na yule tumbili alipoona mtu anakuja na ngazi na nyundo, akafanya ambacho mama yeyote angefanya. Alirudi juu. Aliruka kuelekea kwenye waya.

Alipoanguka, mtoto alikuwa bado amemshika. Mtoto alikuwa hai. Alifumba na kufumbua macho, kisha akaacha.

Niliwafukuza wadogo zangu waingie ndani. Fundi alipiga magoti pale chini, kofia mkononi. Nilidhani atawatazama wale tumbili. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kisha akautazama mlango ambao nyuma yake baba alikuwa anakohoa.

"Nilifunga njia kabla sijauliza nani amebaki juu," alisema.

Kesho yake alikuja, akaomba chai, akaiweka chini ya nguzo.

Miezi michache baadaye tulimzika baba. Baada ya mazishi, wa ukoo walikaa kwenye uwanja wetu kutugawa. Mjomba kutoka Kimana alimtaka Mutuku, kwa sababu vitunguu vilikuwa vimekaribia kuvunwa na mikono haitoshi. Shangazi wa Rongai alimtaka Mwende akamlelee mtoto. Mimi walisema ni mtu mzima, nitajua la kufanya. Yote yalisemwa kwa upole. Mifuko yetu ilikuwa imeshatolewa nje.

Fundi aliingia bila kualikwa, akavuta kigoda. "Mkubwa, wamiminie wazee chai."

Nikamimina.

"Sasa tusiinywe," akasema. "Sisi huku hatufungi kitu kabla chai haijashika utando."

"Wewe ni nani kwenye ukoo huu?" mjomba akauliza.

"Mimi si wa ukoo. Mimi ni wa mabati."

Walicheka. Kisha kicheko kikaisha, na chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Kukaa kimya na watoto watatu mbele yako, vikombe vikipoa, ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Hakuna mahali pa kuweka macho. Mwende alikuwa amenishika sketi kwa mikono yote miwili. Shangazi alimtazama, akatazama pembeni, akamtazama tena, akaanza kulia. Mjomba akakumbuka ana gari la kuwahi. Waliagana nasi wakisema wataita kikao kingine. Mpaka leo hakijaitwa.

Nimeyasema haya ya kwanza ili mjue alikuwa mtu wa aina gani, kwa sababu yanayofuata yalifanywa na mtu huyo huyo.

Alikuwa na mwana mmoja, Ndung'u, aliyenizidi umri kidogo. Mama yake Ndung'u alikufa ghafla siku Fundi akiwa amepanda nguzo mbali, upande wa Kajiado mjini. Simu za mkononi hazikuwepo. Mtu aliyetumwa kumwita aliifuata ile laini nguzo kwa nguzo, na alipompata, kulikuwa hakuna tena cha kuwahi. Baba na mwana hawakulizungumzia hilo. Walifanya kazi pamoja, mmoja akishika ngazi, mwingine akipanda. Ndung'u alijifunza yote: matawi, bomba, pindo la ndani. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya baba yake, na baba yake alilisema hilo kwa kila mtu isipokuwa kwake.

Kisha meneja mmoja wa shamba la nyanya akachoka na tumbili. Mashati yalizuia nguzo, hayakuzuia nyanya. Alimwita Ndung'u pembeni. Ndung'u akafunga waya wa ziada juu ya mlingoti karibu na pampu, waya wenye stima usiovikwa kitu, na chini yake akatundika ndizi.

Fundi ndiye aliyewakuta asubuhi, akipita kukagua laini. Alikuja moja kwa moja kibandani. Ndung'u alikuwa anakula chapati. Nilikuwa nimeshammiminia Fundi chai yake, iko kwenye benchi. Hakuiangalia. Aliweka mezani ndizi iliyoungua.

"Hii ni yako?"

Ndung'u aliitazama. "Ni ya meneja. Mimi nilifunga waya tu."

"Ni familia nzima iko pale chini. Umeenda kuwaona?"

"Ni tumbili, Mzee. Hata wewe si huwa unawapiga mawe?"

"Jiwe linamwambia atoke. Hii yako inamwita aje."

"Meneja alitaka waishe. Hayo mashati yako hayamalizi kitu, yanahamisha shida tu kwa mwingine." Ndung'u alikuwa anajaribu kucheka, akiangalia wateja, akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Hakuna aliyemuunga. Ndipo akasimama, na sauti yake ikabadilika. "Kwanza wewe. Tumbili unamngojea mpaka chai ipoe. Mama alipokuwa anakufa, ulikuwa unangojea nini juu ya posti?"

"Toka," alisema Fundi. "Usikanyage kwangu tena."

Mimi nilikuwa naitazama ile chai. Ilikuwa bado inafuka.

Nilitaka kusema. Nilitaka kusema, Fundi, chai. Lakini nilikuwa msichana wa kibanda, na yeye alikuwa mzee na mbele ya mwanawe. Alitoka, akaenda zake nyumbani, na mchana ule tulisikia nyundo.

Geti lake lilikuwa la mbao. Ndung'u akichelewa kurudi alikuwa hamsumbui mtu, alikanyaga ubao wa kati, akashika wa juu, akaruka. Alikuwa akifanya hivyo tangu utotoni. Mchana ule Fundi alichukua bati laini, akalivisha geti lote kwa nje, toka chini mpaka juu.

Ndung'u alirudi jua likitua. Nyumba yetu ilikuwa jirani, na nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni. Hakubisha. Nadhani aliona aibu kubisha. Nilisikia viatu vyake vikigusa bati, vikiteleza, vikigusa tena. Sauti hiyo nilikuwa naijua. Ndani ya ua, Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, na kupitia ua wa michongoma niliweza kumwona ameinamisha kichwa akisikiliza. Hakuamka. Kisha nikasikia hatua zikienda upande wa barabara. Tuliambiwa baadaye kuwa amepanda lori la Namanga.

Tangu siku hiyo Fundi hakulitaja jina la mwanawe. Ikibidi alisema "yule." Aliendelea kuweka chai chini ya nguzo, kugonga, kuuliza nani yuko juu, kungoja. Wakati mwingine nilimkasirikia sana nikimwona ameinamia kile kikombe. Siku moja nilishindwa kujizuia.

"Fundi, hilo bati la geti si ulitoe?"

"Linazuia mbwa."

"Mbwa hapandi geti, Fundi."

Aliniangalia kama mtu aliyepigwa. "Mkubwa," akasema, "mimi ninajua kuvisha. Kuvua sijajifunza."

Miaka ilienda. Kitengela ikawa ile mnayoijua, magorofa, vumbi, mabango. Migunga ya mtoni ilikatwa, na tumbili wakahamia wanakojua wenyewe. Mwishoni walibaki wawili watatu kwenye gogo lao, kisha gogo likaliwa na mchwa. Mutuku alipata kazi, akapanga Rongai. Mwende alimaliza kidato cha nne, na siku matokeo yalipotoka Guka wake alilivaa koti la harusi yake. Mimi nilibaki na kibanda. Fundi alibaki na magoti mabovu, kisha macho yakaanza kufifia, kisha kifua. Hakupanda tena. Kila jioni nikifunga kazi nilimpelekea chai nyumbani, na mimi ndiye niliyemfungia geti.

Jioni moja nilifika nikakuta geti ni jeusi. Bati halipo. Kulikuwa na mbao tupu na matundu ya misumari. Sijui alilivua lini, wala kwa nguvu gani, na macho yale. Nilifanya kama sijaona.

"Mbao inataka hewa," akasema, kabla sijauliza.

Halafu: "Mkubwa, ukiwa na safari ya Namanga, uangalie posti za huko. Kama zimevaa."

Sikuwa na safari ya Namanga. Sikuwahi kuwa nayo. Nilifunga kibanda siku iliyofuata, nikaenda.

Namanga ni malori, vumbi, na watu wanaokimbia na makaratasi. Nilitembea nikiangalia juu kama mshamba. Nguzo nyingi zilikuwa uchi. Nilipofika mahali akina mama wa Kimaasai wanapouzia shanga, karibu na miti ambako tumbili hushukia kuiba chakula cha madereva, nikaona shati. Nguzo ya pili, shati. Yalikuwa yameanza kushika kutu. Niliazima kigoda cha mama mmoja wa shanga, nikapanda, nikapitisha kidole kwenye pindo la chini. Lilikuwa nene na la mviringo, limekunjwa kwa ndani.

"Sopa, dada," alisema yule mama. "Unapima?"

"Epa," nikaitikia salamu. "Nani aliweka hii, mama?"

"Si yule Mkikuyu wa kufunga mizigo. Tumbili walikuwa wanakufa hapa juu, wanaangukia shanga zetu. Akasema yeye anajua dawa." Alicheka kidogo. "Lakini alikuwa na mambo yake. Ananunua chai, anaweka hapa chini, hainywi. Tunamuuliza, unangojea nani? Hasemi."

"Nampata wapi?"

Aliacha shanga zake. Alinitazama vizuri, ndipo akajua sikuja kununua.

"Pole, mwanangu. Huyo alituacha kitambo. Alikuwa juu ya lori anafunga turubai, mvua imenyesha. Akateleza. Tulimzika hapa hapa, sisi wa soko. Tulitafuta watu wake, hatukujua tuanzie wapi. Ukimuuliza kwao, alikuwa anasema neno moja tu. Anasema kwao ni kwa geti la bati."

Alinipeleka kaburini. Kulikuwa na mawe yamepangwa vizuri. Niliyaondolea majani.

Nilirudi Kitengela mchana umekwisha. Sikuingia kwangu. Nilichemsha chai, maziwa mengi, nikaenda. Fundi alikuwa kwenye kigoda, ameelekea geti. Alizijua hatua zangu.

"Umefika."

"Nimefika, Fundi."

"Zimevaa?"

"Zimevaa."

Mkono wake ulikuwa unapapasa hewani, kidole kimoja mbele, kama anayepitisha kidole kwenye ukingo wa kitu. "Pindo?"

"Ndani. Nimelishika kwa mkono wangu. Halikwaruzi."

Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, yakaingia kwenye ndevu. "Huyo alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu," akasema. "Sikumwambia." Kisha akajifuta, akakaa wima. "Na yeye mwenyewe?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu njia yote. Nilifungua mdomo, na yeye akainua mkono haraka, kama anayezuia gari.

"Ngoja. Usiseme. Weka chai kwanza."

Nikaiweka chai chini, kati yake na geti.

"Umeiweka? Sasa tusifunge. Tungoje. Ikishika utando, utaniambia, na utafunga geti."

Nikakaa chini kando ya kikombe. Kulikuwa na kijiko kwenye sahani. Mvuke ulikuwa unapungua, na pembeni pa kikombe, pale maziwa yanapogusa udongo wa kikombe, nikaona kitu kinaanza kujikunja. Nikachukua kijiko nikakoroga, taratibu, kisigonge.

"Imeshika?"

"Bado, Fundi."

Geti lilikuwa wazi. Watu walikuwa wakipita barabarani kutoka kazini, na kila hatua zilipokaribia alinyanyua kidevu, zikipita alikishusha. Nilikoroga.

"Chai yako siku hizi inachelewa sana, Mkubwa."

"Ni maziwa, Fundi. Siku hizi wanatia maji."

"Ndiyo," akasema. "Wanatia maji."

Akausogeza mkono wake gizani akautafuta wangu, akaupata, ukiwa na kijiko. Aliushika pale pale. Hakuuzuia.

"Endelea," akasema.